Ruta ikiganda, tazameni adapta kwanza

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu wa Muheza anayelalamika kwamba intaneti ya nyumbani kwake huganda kila ikifika saa mbili usiku, na akipiga simu huduma kwa wateja jibu ni lile lile: "Zima, uwashe." Kampuni hakuitaja, nami sitaiuliza. Mimi ni fundi redio hapa Ngamiani, Tanga, ingawa redio zenyewe siku hizi haziletwi, zinaletwa ruta, vile visanduku vinavyogawa intaneti nyumbani. Naomba nafasi nimjibu, maana hiyo zima-uwashe si uongo, ila ni nusu ya jibu.

Ruta ni kompyuta, tena dhaifu. Nyingi zinazopita mezani kwangu zina kumbukumbu ya MB 64 au 128, kitu ambacho simu ya mtoto wa sekondari inakizidi mara nyingi. Kumbukumbu hiyo ni kama daftari la Mangi dukani: kila simu inayofungua ukurasa inaandikiwa mistari yake, nani kaomba nini na jibu lipelekwe kwa nani. Saa mbili usiku watoto wote wapo, televisheni inaonyesha filamu, na jirani naye alishapewa nywila tangu sikukuu. Ruta nyingi zinaendeshwa na Linux, programu kuu inayoongoza kifaa, na kwa mpangilio wake wa asili, mawasiliano yaliyokatika bila kufungwa vizuri yanaweza kukaa humo siku 5 ndipo yafutwe, labda mtengenezaji awe amepunguza. Nafasi ikiisha, taa zinaendelea kuwaka kijani na hakuna kinachofunguka. Ukizima, yote yanafutika, na nyumba nzima inashangilia. Ila ukichomoa, subiri nusu dakika. Kapasita za ndani, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, hubaki na umeme kidogo, na kuchomoa na kuchomeka papo hapo pengine hujazima kitu.

Sasa, kama inaganda mara moja kwa mwezi, zima, washa, endelea na maisha. Inayoganda kila siku ina ugonjwa, na mimi ugonjwa huo naukuta zaidi kwenye adapta, kile kichwa cha umeme cha kuchomeka ukutani, kuliko kwenye ruta.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea ya kwake baada ya kushauriwa apandishe kifurushi. Akapandisha, akalipa, ikaendelea kuganda. Adapta imeandikwa volti 12, ampea 1. Nikaipima ikiwa tupu: 12 kamili, safi kabisa. Nikaipima ikiwa imebeba ruta na simu mbili zinapakua: ikashuka chini ya 10, halafu ikawa inachezacheza. Nilipoipasua, kapasita moja ilikuwa imevimba kichwani kama kawaida yake ikichoka. Umeme ukiyumba hivyo prosesa, yaani ubongo wa ruta, inapoteza mwelekeo katikati ya kazi. Haizimiki, inaduwaa tu. Na mzigo unapozidi ni hiyo hiyo saa mbili usiku, kwa hiyo mtu analaumu mtandao. Kifurushi kikubwa hakitibu kapasita.

Wengine hujitibu kwa kuazima adapta ya king'amuzi kwa kuwa kichwa kinaingia. Kuingia si hoja. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya ruta. Ampea zikizidi hakuna dhambi. Zikipungua ndipo shida inapoanza.

Halafu joto. Vifaa hivi vingi mtengenezaji anavikadiria kwa chumba kisichozidi nyuzi 40. Tanga mwezi wa pili mchana ni zaidi ya 30 hata kabla hujawasha kitu. Sasa chukua ruta, iweke ndani ya kabati la televisheni, juu ya king'amuzi kinachochemka, kisha uifunike kitambaa cha kufuma ili ifanane na sebule. Mama zangu mnisamehe, vitambaa ni vizuri na marehemu mama alivifuma, lakini yale matundu ubavuni ndiyo pua yake. Kapasita inayofanya kazi kwenye joto lililozidi kwa nyuzi 10 huishi karibu nusu ya umri wake. Nimeshatoa humo mjusi mkavu na sisimizi ukoo mzima, nao walifuata joto.

Kuna siku ruta haina kosa hata kidogo. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia. Jumatatu watu walinijia na ruta kwapani wakitaka zifunguliwe. Kipimo chake ni rahisi: andika kwenye simu ile namba iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa wake ukifunguka, ruta iko hai na tatizo liko nje ya nyumba yako. Ukigoma, na simu yako imeshika Wi-Fi hiyo hiyo, basi ndiyo imeganda.

Kampuni zinazotuuzia hivi vifaa nina ombi nazo. Dukani wanampa mteja kijitabu cha Kiingereza na Kichina chenye maandishi ya kusoma kwa miwani miwili. Karatasi moja ya Kiswahili ingetosha: adapta ya volti na ampea ngapi, iwekwe wapi, izimwe vipi. Na yule kijana wa huduma kwa wateja, kabla hajamuuzia mtu kifurushi, amuulize kama adapta ni ile ya awali. TCRA, mamlaka ya serikali ya mawasiliano, ambao huviidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni, sioni kwa nini wasilitake hilo.

Msomaji wa Muheza, kama ruta yako ni ya kutumia laini ya simu, isogeze dirishani upande wa mnara, maana ikiwa mbali inatumia nguvu zaidi kupiga kelele na adapta ndiyo inayolipa. Ukishindwa, panda basi uje Ngamiani. Kupima sitozi. Njoo na adapta kwanza.

Fundi redio,
Ngamiani, Tanga