Ekari ya hatua 70 si ekari

Mhariri,

Kila msimu unapokaribia, gazeti lako hutoa makala nzuri kuhusu mbegu, mbolea na viuatilifu. Ombi langu ni moja: mnapoandika "kwa ekari", tajeni pia mita za mraba, kwa kuwa mashambani neno hilo limeshapata maana zaidi ya moja, na mkulima ndiye anayeumia.

Ekari ni yadi za mraba 4,840, yaani mita za mraba 4,047. Wazee walirahisisha wakasema "70 kwa 70", na hawakukosea: yadi 70 kwa yadi 70 ni 4,900. Lakini yadi ina sentimita 91, nasi tunaipima kwa miguu. Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Hatua 70 za namna hiyo ni mita 52.5, na mraba wake ni mita za mraba 2,756, kiasi cha theluthi mbili ya ekari. Anayekodi shamba analipia ekari nzima. Wengine wamepata futi kamba wakapima mita 70 kwa mita 70. Hao wamekwenda upande wa pili, wana ekari 1.2. Tunapiga kelele kuhusu lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kipimo, na ni haki, ila wizi huu wa hatua hausemwi.

Kosa hilo likikutana na lebo ya dawa, mambo huharibika zaidi. Lebo nyingi huzungumza kwa hekta. Hekta ni ekari 2.47, lakini wengi hugawa kwa mbili. Dawa ya lita 2 kwa hekta inahitaji mililita 810 kwa ekari. Aliyegawa kwa mbili anatia lita nzima. Akiimwaga kwenye ekari yake ya hatua, shamba linapata sawa na lita 3.6 kwa hekta, karibu mara mbili ya kipimo. Kiuagugu kilichotengenezwa kisidhuru mahindi kinaweza kuyaunguza kwa kiwango hicho, kisha lawama anabebeshwa muuza dawa.

Kabla ya kuchanganya dawa, mkulima apime bomba lake la kupulizia kwa maji matupu. Ajaze hadi alama ya lita 10, apulizie eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo uleule wa kazini, kisha arudishie maji hadi alama ileile kwa chombo chenye vipimo. Maji yaliyorudishwa ayazidishe mara 40. Yakiwa lita 2, ekari itakula lita 80, yaani mabomba matano ya lita 16, na zile mililita 810 zitagawanywa kama 160 kwa kila bomba. Akibadilisha nozeli au mpuliziaji, apime upya. Vifuniko vya chupa havilingani, visitumike kupimia. Sirinji isiyo na sindano, iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, inafaa zaidi.

Mbolea nayo ina kipimo chake cha mtaani, kizibo cha soda, ambacho kikijaa DAP, mbolea ya kupandia, hubeba takriban gramu 5. Kwa mahindi ya nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000, na kizibo kimoja kwa shimo kinatumia kilo 45. Mfuko wa kilo 50 unatosha. Kwa 75 kwa 30 mashimo ni karibu 18,000, hivyo kila shimo linastahili nusu kizibo. Anayetia kizima, mfuko unamwishia akiwa amevuka kidogo tu nusu ya shamba.

Dawa ya haya yote ni kamba ya mita 63.6, iliyopimwa kwa futi kamba, isiyovutika. Upande mmoja kamba moja, pande nne ni ekari. Pembe zikaguliwe: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na mshazari uwe mita 5 kamili. Pembe ikilala, pande zitabaki sawa lakini eneo litapungua.

Kwenye makala zenu inatosha kuongeza maneno haya: "ekari, yaani mita za mraba 4,047, mraba wa mita 63.6 kila upande."

Afisa ugani,
Nyanda za Juu Kusini, Tanzania