Shukrani kwa mama aliyemsaidia baba yangu ndani ya nyambizi Pampanito

Napenda kumshukuru hadharani mama mmoja, mgeni kama sisi, ambaye hatukupata kulijua jina lake, kwa jinsi alivyomsaidia baba yangu ndani ya USS Pampanito, nyambizi ya Vita vya Pili vya Dunia iliyohifadhiwa kama makumbusho huko San Francisco. Tulipokuwa kati ya injini kubwa za dizeli, goti la baba lilikaza, na mbele yetu palikuwa na mlango wa chuma ambao mtu huuvuka kwa kuinamisha kichwa na kuinua mguu kwa wakati mmoja. Nyuma yetu watu walikwisha kusongamana.

Mama huyo hakumvuta wala kumharakisha. Aliwaomba walio nyuma wasubiri, akatangulia kupita, akageuka na kumwonyesha baba mahali pa kushika, kisha akaweka kiganja chake kwenye ukingo wa chuma ili baba asijigonge, huku akimwelekeza atangulize mguu mzima. Alifanya hivyo kila mlango hadi tukatoka.

Ndivyo baba alivyoweza kuimaliza safari aliyoitamani kwa sababu ya habari moja: Septemba 1944, mabaharia wa nyambizi hii waliwaopoa baharini wafungwa wa vita 73, Waingereza na Waaustralia, waliobaki wakielea baada ya meli ya Kijapani iliyowabeba kuzamishwa.

Mama, popote ulipo, baba anakusalimu, na Mungu akuzidishie. Nanyi mtakaozuru humo, mkimwona mzee amekwama mlangoni, mpeni nafasi na mkono.