Mjomba, hilo neno "kopi" limenikaa kooni

Mjomba, shikamoo.

Natumaini kifua kimepoa na maji ya tangawizi unayaendeleza. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu nikikupigia utanikatiza kabla sijafika ubeti wa pili. Halafu siku ile pale barazani ulinimaliza mbele za watu, basi na mimi niruhusu nijibu mbele za watu.

Unakumbuka. Tulikuwa tunasubiri chai ya jioni, simu yangu inapiga "Johnny B. Goode" ya Peter Tosh, mwana reggae wa Jamaika, ukauliza nani huyo anayeuchezea wimbo wa Chuck Berry, gwiji wako wa rock and roll wa Marekani. Nikakwambia. Ukasonya. "Kopi ni kopi, mjomba. Orijino haina mpinzani." Watu wakacheka, ukahamia kwenye bei ya nazi, mjadala ukafa.

Berry nimemjulia kwako, sikatai. Ile kaseti ya gamba jeusi ndiyo shule yangu. Nilikuwa na miaka tisa, na kazi uliyonipa ilikuwa kuirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri za redio zisiishe. Niliizungusha mpaka kidole kikaota sugu. Mahali utepe ulipowahi kunasa napajua hadi leo: mwanzoni mwa "Johnny B. Goode", gitaa likimaliza tu kufungua, sauti inazama kama mtu kaingia majini, kisha inaibuka. Siku nikisikia wimbo huo ukiwa safi, naona kama wameniibia kitu.

Ule mwanzo wenyewe ulitunyamazisha nyumba nzima. Ukisema: sikilizeni, nyuzi mbili zinavutwa kwa mpigo mmoja, hakuna aliyefanya hivi kabla yake. Sasa Mjomba, kaa chini. Mwaka 1946, miaka 12 kabla ya santuri ya Berry kutoka, Louis Jordan alirekodi wimbo mmoja, na mpiga gitaa wake Carl Hogan akaufungua hivyo hivyo, karibu noti kwa noti. Berry mwenyewe hakuficha kwamba alimsikiliza sana Hogan. Na "Maybellene", iliyomtoa mwaka 1955 pale Chess Records mjini Chicago, aliichonga kutoka "Ida Red", wimbo wa zamani wa wazungu wa mashambani. Hiyo orijino yako nayo ina wazazi.

Nirudi kwa Tosh, maana ndiye aliyetukosanisha. Johnny wa Berry anakaa Louisiana, ndani huko msituni, kwenye kibanda cha udongo na magogo. Berry alieleza baadaye kwamba mwanzo aliandika kijana huyo ni mweusi, kisha akambadili kuwa kijana wa shamba, redio zisije zikaufungia wimbo. Mwaka 1983, kwenye albamu aliyoiita Mama Africa, Tosh anamchukua Johnny na kumhamishia Jamaika, karibu na Mandeville, juu ya kilima. Mwendo umeshuka, besi ndiyo inayoongoza msafara. Katika sauti ile hakuna haja ya kuuliza Johnny ana rangi gani. Kile Berry alichokimeza mwaka 1958 ili apate kupigwa redioni, Tosh amekirudisha bila hata kukitamka. Ndiyo maana nilikuwa naipiga siku ile, na ndiyo maana uliposonya niliumia.

Si kila aliyemrudia Berry namtetea. The Rolling Stones walianza na wimbo wake kwenye santuri yao ya kwanza kabisa, "Come On", 1963, na wao wenyewe hawakuipenda. The Beatles waliimba "Roll Over Beethoven" mwaka huo huo, na "Rock and Roll Music" mwaka uliofuata. John Lennon anaikaza sauti mpaka koo linakaribia kupasuka, raha tupu, lakini ndiyo kile unachokisema: vijana hodari wanapiga kopi. Hapo nakupa goli. Mpiga gitaa Jimi Hendrix naye pale Berkeley, California, Mei 1970, aliipiga "Johnny B. Goode" kwa kasi ya mtu anayekimbia nyuki. Naisikiliza mara moja kwa mwaka, inatosha. Kundi la Electric Light Orchestra ndio walionichekesha, kwa "Roll Over Beethoven" yao. Wimbo mzima unamwambia Beethoven asogee pembeni, wao mwaka 1973 wakaufungua na Simfoni ya Tano ya Beethoven huyo huyo, kwa fidla na vyelo. Aliyeambiwa aondoke ukumbini ndiye kafungua shughuli!

Lakini kuna "Promised Land". Huu kwenye kaseti yako haukuwemo, kwa hiyo nipe dakika mbili. Berry aliuandika akiwa gerezani mwanzoni mwa miaka ya 60, na ameeleza kwamba aliomba kitabu cha ramani ili apange safari ya msimuliaji wake, wakubwa wa gereza wakasita kumpa mfungwa ramani. Ungesita na wewe. Safari inaanzia Norfolk, Virginia, kwa basi, kuelekea California. Basi linaupita mji wa Rock Hill bila kusimama. Linaharibika Birmingham, Alabama. Mtu mweusi kukwama Birmingham miaka ile, Mjomba, si sawa na sisi kukwama Segera tukala mahindi ya kuchoma. Miaka michache tu nyuma, mwaka 1961, vijana waliopanda mabasi kupinga ubaguzi walipigwa Rock Hill, wakapigwa tena Birmingham. Berry hasemi lolote kuhusu hayo. Anataja vituo tu, huku anacheka, na mwenye masikio anasikia.

Elvis aliurekodi Memphis, Desemba 1973. Bendi inakwenda kama treni iliyochelewa, na sauti yake siku hiyo ina afya. Ila abiria wake hana hofu. Anasafiri kama mtu ambaye tikiti alikatiwa na mtu mwingine.

Ninayemtaka umsikie ni Johnnie Allan. Najua hujamsikia, karibu hakuna aliyemsikia. Ni mtoto wa Louisiana, kule ambako wazee wanazungumza Kifaransa cha kwao na harusi haiwi harusi bila kodiani. Mwaka 1971 akauimba "Promised Land", na mahali ambapo Berry angeweka gitaa la solo, panaingia kodiani. Kodiani, ile ile unayoijua kwenye taarab, ila hapa inakimbia, inakata pumzi, inaruka kama samaki kwenye sakafu ya ngalawa. Kisha sikiliza maneno: abiria amefika Louisiana, anaomba msaada atolewe huko haraka afike Houston. Anayeomba kutolewa Louisiana ni Mlouisiana mwenyewe, na kodiani ya nyumbani inamsindikiza! Berry hangeweza kuutunga utani huo. Ulimsubiri mtu wa pale pale.

Hapo ndipo ninapokuwekea mkeka, Mjomba. Kopi inayonifurahisha ni ya mtu aliyeuhamisha wimbo na vyombo vyake vyote mpaka nyumbani kwake, akabadilisha hata upande mlango unakotazama.

Kuhusu fedha uko sahihi, sitabishana. Kwenye "Maybellene" yaliwekwa majina ya wawili ambao hawakutunga, mmoja wao mtangazaji wa redio, Alan Freed, na ikapita miaka mingi kabla hayajaondolewa. The Beach Boys walichukua muziki wa "Sweet Little Sixteen", wakaubandika maneno ya kuteleza kwenye mawimbi, ukavuma mwaka 1963 kama wao, na jina la Berry likaja kuongezwa baadaye. Najua kwa nini linakuuma. Wewe ulipiga gitaa hotelini misimu mitatu, ukalipwa wali na nauli.

Na hapo hapo hotelini ndipo ninapotaka kukufikisha, maana mama kanisimulia.

"Memphis, Tennessee" tunaujua wote wawili. Berry aliurekodi nyumbani kwake St. Louis mwaka 1958, kwa mashine ya kawaida, na kampuni ikautupa upande wa pili wa santuri. Mtu anamwomba opereta wa simu amuunganishe na Marie. Namba hana, mjomba ndiye aliyepokea ujumbe, akauandika ukutani. (Mjomba huyo namwelewa. Ukuta wako wa jikoni si umejaa namba za mafundi?) Unasikiliza ukidhani ni mpenzi wake, mpaka mwisho unapoambiwa Marie ana miaka sita. Ni mwanawe. Johnny Rivers aliupeleka hadi nafasi ya pili Marekani mwaka 1964, watu wanacheza, wanapiga makofi, na mtoto kasahaulika kabisa. Mwaka 1972 Lennon na Berry waliupiga pamoja kwenye televisheni, Yoko Ono akapiga ukelele katikati ya wimbo, na macho ya Berry yalivyotoka siku ile yanafaa kuwekwa kwenye fremu. Hakuna kati yao aliyenikosesha usingizi.

Mama anasema wewe ulipokuwa ukiupiga, mwisho wa usiku, wageni wamebaki wawili watatu, uliuimba kwa Kiswahili. Memphis uliifanya Korogwe. Daraja la Mississippi likawa daraja la Mto Pangani. Opereta ukamfanya yule mama wa posta. Na Marie ulimpa jina lingine, ambalo mama alinitajia na mimi sitalitaja hapa.

Miaka yote hii hukuniambia.

Ile kaseti iko kwangu, nimempa fundi wa Kariakoo aunge utepe, ila nimemwomba pale pa kuzama asipaguse. Ijumaa nakuja na basi la asubuhi. Gitaa nimeliona nyuma ya kabati, limebaki na nyuzi nne. Nakuletea seti nzima. Tosh tutamwacha kwa siku hiyo. Tutaanza na Korogwe.

Ni mimi mpwao.