Barua kwa mwanangu: hizo hedifoni zivue kwanza

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Memori kadi yako ya nyimbo nayo konda kaileta salama. Umeuliza nyimbo zipi zimenikaa kifuku hiki cha mvua. Nitakujibu, ila kwanza nijibu wewe: ni kweli unaendesha pikipiki huku umeweka hedifoni masikioni? Binamu yako kapita hapa Jumapili, anasema alikuita mara mbili pale stendi Makambako, ukampita kichwa kinatikisika. Alisimulia akicheka. Mimi sikucheka. Umekulia Uyole, mteremko wa Mlima Nyoka unaujua, na ajali zake.

Haya, nyimbo. Mbaraka Mwinshehe ndiye niliyemsikiliza kuliko wote. Baba yako anampendea maneno, mimi nampendea gitaa. Kuna pale waimbaji wanaponyamaza, gitaa linabaki linazunguka peke yake, linarudia kitu kilekile, ila kila likirudi amekigeuza kidogo. Nikifika hapo napukuchua mahindi kwa mwendo wake, mpaka gunzi limekuwa tupu bado nalisugua. Za bendi ya Morogoro Jazz nazipenda kuliko za Super Volcano, bendi aliyoiunda mwaka 1973. Baba yako anabisha, na akianza kubisha unamjua.

Lakini huyo Mbaraka unajua alikufaje? Ajali ya gari, Januari 1979, huko upande wa Mombasa, hata miaka 35 hajafikisha. Naye alikuwa ndani ya gari, ana bati pande zote. Wewe una nini? Jaketi.

Marijani Rajab nilimweka jioni, mvua ikishakatika. Anasimulia kisa kama mtu asiye na pa kuwahi. Huyo msikilize na wewe, ukiwa umekaa, nyumbani.

Remmy Ongala nilimruka mwanzoni, maana anaimba kifo waziwazi, na tangu ununue hiyo pikipiki sitaki kusikia neno hilo. Baadaye nikakumbuka kwamba mwishoni aliingia kwenye injili, nikamrudia. Mwanakwaya mwenzangu kanisuta kwamba nasikiliza nyimbo za baa. Nikamwambia mtu ametoka Kongo, amekuja Dar es Salaam akawaimbia wanyonge shida zao kwa Kiswahili chao, mimi simtafutii dhambi.

Hizo zako za Bongo Fleva nimezisikiliza zote. Mbili nzuri, sikwambii zipi, utaringa. Wale wanaoimba maungo ya wasichana nimewafuta, usiniulize. Ila nimefurahi ulivyozipanga, za wazee mbele, za kwenu nyuma. Adabu hiyo umetoka nayo hapa. Basi ipeleke na barabarani. Malori ya Tunduma yana honi ya kuamsha kijiji kizima, lakini honi itamsaidia nini aliyejiziba masikio mwenyewe? Na usiniambie sauti unaiweka ndogo. Binamu yako alikuwa hatua chache tu kutoka ulipopita.

Sikukatazi muziki, ningekukatazaje mimi? Vua, tia mfukoni, endesha. Ukifika kijiweni vaa hata mbili mbili.

Pikipiki umeinunua kwa jasho lako, hukutuomba hata senti, na huku nimewaambia wote, hata wasioniuliza. Ndiyo maana nasema sana.

Baridi imeanza, asubuhi umande ni mzito. Viazi vya bondeni vimeshikwa na ukungu, dawa imepanda bei, baba yako kapiga nusu ya shamba tu, nusu anamwachia Mungu. Bati la jikoni linavuja palepale. Ukija njoo na misumari ya bati, ya hapa dukani inapinda. Mdogo wako anataka simu. Usimpe.

Nimempa konda mahindi na debe la maharage. Nauli ya mzigo nimeshalipa, asikudai tena. Gunia ni la shangazi yako, kila tukionana ananiulizia, lirudishe kwa basi hilohilo. Na huyo konda nimemwagiza akuangalie masikioni ukija kupokea mzigo.

Mama yako