Kile kikasha cha Kijapani hakijapakwa rangi

Mhariri, habari za kazi. Naandika kuhusu ile picha ya kikasha cha Kijapani mliyotoa wiki iliyopita, chini yake mkaandika eti ni "kiboksi cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi na dhahabu". Samahani lakini ile sio rangi, na kwa mtu aliyekulia kwenye korosho kama mimi iliniuma kuisoma hivyo.

Kinaitwa inro. Wanaume wa Japani enzi za Edo, 1603 mpaka 1868, walivaa kimono na kimono haina mifuko, kwa hiyo mihuri na dawa zao waliweka humo, vijisanduku vitatu mpaka vitano vimekaliana kimoja juu ya kingine, kamba imepita pembeni, kinaning'inia kwenye mshipi kwa kishikizo kinaitwa netsuke. Walipoanza kuvaa makoti yenye mifuko kazi yake ikaisha, nyingi zikaishia Ulaya kwa wakusanyaji.

Sasa ule weusi ni utomvu wa mti, wenyewe wanauita urushi, na mti huo ni ukoo mmoja na mkorosho na mwembe! Sisi tuliobangua korosho tunajua lile ganda linavyobabua vidole mpaka ngozi inatoka, basi na urushi mbichi unababua hivyohivyo. Mti unasubiriwa miaka kumi na zaidi ndo ugemwe, na unatoa utomvu kidogo sana. Halafu hauanikwi juani, unawekwa kwenye kabati lenye unyevu, huo unyevu ndo unaufanya uwe mgumu, linapakwa tabaka jembamba, linasubiriwa, linasuguliwa, ndo linakuja lingine, na lingine tena.

Dhahabu nayo haipakwi kwa brashi. Fundi anachora kwa urushi, kabla haujashika anachukua kijibomba cha mwanzi chenye vumbi la dhahabu anakigongagonga kwa kidole taratibuu, vumbi linadondoka na kunasa pale palipo pabichi tu. Hiyo ndo makie. Ipo takamakie, mchoro umeinuka ukipapasa unausikia, na wapo wanaopachika vipande vya gamba la chaza, lakini inayonimaliza mimi ni togidashi, yaani akishanyunyiza dhahabu anaifunika yote tena kwa urushi mpaka huoni kitu, kisha anasugua kwa mkaa na maji kidogokidogo mpaka mchoro unatokea, umelingana kabisa na weusi. Akizidisha mkono dhahabu imeondoka na kazi ya miezi imepotea.

Hebu iangalieni tena picha yenu, pale kwenye bawa la korongo, mwanga umepita juu ya manyoya bila kukwama popote. Mkono wa mtu umesugua pale na ukajua pa kuacha. Naomba toleo lijalo mrekebishe, hata kwa mstari mmoja, muandike urushi.

Msomaji wenu, Masasi