Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Mwaka wa Michezo 2023–2024

Lubumbashi, Julai 2024

Wapendwa wanachama wa kikundi chetu cha maigizo, sisi tunaocheza jukwaani hadithi wanazotuandikia watoto wa shule, ba mama na ba papa, na ninyi ba yaya wa jukwaani mlioketi karibu na mlango kama kawaida yenu,

Naanza na Novemba na Desemba, maana najua mmekwisha kuziona kwenye karatasi ya katibu: mstari mtupu, bila mchezo hata mmoja. Hatukulala. Kampeni ya uchaguzi ilipoanza, kila kipaza sauti cha kukodi mjini kilikuwa kimeshalipiwa, na kila kijana mwenye sauti ya kusikika alikuwa juu ya gari akiimba jina la mgombea. Wawili kati yao ni wetu. Wanajijua, na walirudi na fulana na kofia ambazo sasa zimo katika sanduku la mavazi, kwa hiyo hasara haikuwa kamili. Tarehe 20 Desemba madarasa tuliyozoea kuchezea yakawa vituo vya kupigia kura, na baada ya hapo watoto walikuwa likizo.

Januari tukasema sasa, na Januari ikaja na Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire. Mchezo wetu wa kwanza, pale mtaani Kamalondo, ulikuwa na watazamaji kumi na mmoja, wanne wao wakiwa jamaa za mweka hazina. Sina kinyongo. Usiku wa tarehe 28 hata mimi nilikuwa mbele ya televisheni ya jirani, na kipa wetu wa Kongo, Mpasi, alipoifunga Misri penalti ya mwisho nilitoka barabarani na kiatu kimoja. Wiki iliyofuata masanduku yetu ya hadithi yalijaa mpaka walimu wakatupigia simu twende kuyamwaga. Karibu kila karatasi ilikuwa na kipa. Kipa anayedaka mvua isiingie kwa paa. Kipa aliyeitwa na bibi yake adake mbuzi. Halafu tarehe 7 Februari wenyeji wakatutoa kwa bao moja, na hadithi za kipa zikakauka kama bomba lililofungwa.

Katika lundo lile tulichagua moja, ya mtoto wa darasa la nne. Kipa amesimama mlangoni mwa duka, na kila mwenye duka anapomrushia mama wa kipa deni, yeye analidaka lisimpige. Deni la sabuni, deni la mafuta, deni la unga. Mwishowe mwenye duka anaona huruma, anarusha mkate, lakini mikono ya kipa imejaa madeni na mkate unaanguka chini. Basi, imeisha. Dakika sita jukwaani. Tuliicheza mara tisa mwaka huu, na kila mara, mkate ukianguka, akina mama wa mstari wa kwanza hutoa mlio uleule. Hakuna kati yetu ambaye angeweza kuitunga.

Kwa wanachama wapya, niseme jinsi tunavyofanya kazi, maana mwaka huu ndipo tulipojifunza tulikuwa tunakosea wapi. Masanduku (makatoni ya maziwa, tusijidai) yako kwa walimu katika shule za komine (kata) za mji wetu: Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi. Mtoto anaandika anachotaka. Sisi tunasoma kwa sauti Jumamosi, wote pamoja, na mtu wa ngoma anagonga mara moja kila tunapofika kwenye «halafu». Mtoto huandika halafu katika kila mstari, na mwalimu humkata alama kwa sababu hiyo. Kwetu ni dhahabu: kila halafu ni mahali jukwaa linapobadilika. Hadithi yenye halafu tano inachezeka. Yenye halafu ishirini inahitaji gari la mavazi ambalo hatuna.

Shida ilikuwa lugha. Watoto wanatuandikia kwa Kifaransa, kwa sababu karatasi na biki (kalamu) kwao ni mambo ya shule. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini daftari la mtoto bado halijapata habari hiyo. Miaka yote iliyopita tulikuwa tunachukua Kifaransa kile na kukigeuza wenyewe. Mwezi wa pili mama wa mavazi akatoa shauri ambalo kamati ilipaswa kulitoa zamani: mwiteni mtoto, fungeni daftari, mwambieni asimulie. Tukafanya hivyo na mvulana mmoja wa Katuba. Kwenye karatasi alikuwa ameandika, kwa Kifaransa safi, kwamba umeme ulikatika na familia ilihuzunika. Mdomoni umeme ulikuwa mtu. Alikuwa ameondoka bila kuaga, akaenda kwa shangazi yake kwenye mtaa wa matajiri, akanenepa huko, na aliporudi usiku wa manane akawasha kila kitu kwa fujo, redio, taa, pasi, kama mlevi anayetaka kila mtu ajue amefika. Tulicheka mpaka mtoto akaogopa. Kumbe hadithi ya karatasi aliiandika kwa ajili ya mwalimu, na ile nyingine alikuwa nayo muda wote.

Tangu siku ile hakuna hadithi inayoingia mazoezini kabla mwenyewe hajaisimulia kwa Kiswahili chake, na tunaicheza kwa maneno hayohayo, pamoja na «mulima» na «mutoto» na «kadogo». Kuna mzazi mmoja aliyelalamika kwamba tunawaharibia watoto lugha. Nilimjibu kwa heshima. Kamati haijabadilisha msimamo.

Sasa nije kwenye jambo la Aprili, ambalo wengine mmelisikia nusunusu.

Msichana wa darasa la tano kutoka Kenya aliandika juu ya terili, lile lundo jeusi la mavi ya shaba karibu na shimini (bomba refu la moshi) ya Gécamines, kampuni ya madini. Nyote mmekua mkiliona. Liliinuka kidogo kidogo tangu tanuru lilipoanza kuyeyusha mwaka 1911, na kwa miaka mingi sasa linapunguzwa tena, kwa sababu ndani yake mna kobalti. Katika hadithi mlima ule ni mwanamke mnene anayeishi peke yake. Kila siku malori yanakuja kumla kipande. Anamuuliza shimini, «Wewe ni mrefu, nitazamie wananipeleka wapi.» Shimini anatazama na kusema anaona malori, halafu vumbi, halafu haoni tena. Mlima unapungua. Watoto wanaanza kuupanda kwa hatua mbili. Mwishowe linabaki jiwe moja, na msichana analitia katika kopo la tomate na kulificha chini ya kitanda.

Sisi, wakubwa wenye akili, tuliona mwisho huo unahuzunisha. Siku ya kucheza tulitarajia wageni. Tukaamua, na mimi nilikuwa wa kwanza kuunga mkono, kwamba malori yajute, vipande virudishwe, mlima usimame tena, na wote waimbe. Tukaongeza na maneno ya kutunza mazingira.

Mlima nilikuwa mimi. Nilivaa magunia matatu meusi, moja juu ya jingine, kichwa kimo ndani, nikiona kwa tundu moja tu. Nilikuwa nimeanza kuinuka upya, ngoma inapanda, watu wanapiga makofi, niliposikia sauti nyembamba mbele yangu kabisa:

«Ni bongo (uongo)! Haiko vile! Mulima haikurudia!»

Ngoma ikanyamaza. Nikageuza gunia nimtafute kwa tundu langu, nikamwona yule msichana mwenye hadithi amesimama juu ya benchi na sare ya shule. Anatetemeka. Nikamuuliza, kutoka ndani ya gunia, kwa sababu sikujua la kufanya, «Basi iko namna gani?» Akasema, sasa kwa sauti ya chini, «Ilibakia kadogo sawa bukari (ugali) ya mutoto. Njo nikaitia mu kopo. Njo mwisho.» Akaketi.

Hakuna aliyeimba. Nilivua gunia la juu, nikavua la pili, nikavua la tatu, nikalikunja likawa bunda dogo na kuliweka chini mbele yake. Sikuwa nimepanga, jasho tu lilikuwa limenizidi. Watu wakakaa kimya kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, halafu mzee mmoja nyuma akapiga makofi polepole. Tangu siku hiyo ndivyo tunavyoimaliza, kwa magunia matatu, na nimejifunza kuyavua bila kukwama masikio.

Mkutano wa kamati uliofuata ulikuwa moto. Papa wetu aliyeanza jukwaa zamani za Zaire alitukumbusha kwamba katika mji huu mchezo bila funzo ulikuwa kama bukari bila mboga. Alisema juu ya kikundi cha Mufwankolo, ambacho wengi wetu tulilelewa na sauti zake redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili hikihiki cha Lubumbashi. Alisimulia jinsi mwaka 1986 walivyotengeneza mchezo mzima kutokana na msemo mmoja, kwamba mamlaka huliwa mazima, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian akiwafuata hatua kwa hatua. Hawakuwa na maandishi. Walikubaliana njia ya hadithi, wakagawana nafasi, na maneno yakaja mdomoni. «Ninyi,» akasema, «mnataka kufungwa na karatasi ya mtoto?»

Nilimheshimu, na bado namheshimu, lakini kwa maoni yangu hoja yake inatusaidia sisi zaidi. Mufwankolo na wenzake waliuchukua msemo ulio wa kila mtu, wakaupa maneno yao. Hadithi ya mlima si ya kila mtu. Ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa juu ya benchi. Tulipiga kura: saba walikubali kwamba mwisho wa mtoto hauguswi, wanne walikataa, mmoja alikuwa nje akijibu simu. Maneno tunaweza kuyanyoosha, wahusika tunaweza kuwaunganisha, lakini mwisho ni wake. Papa alipiga kura ya kukataa, na Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika mazoezini. Anacheza shimini, na hakuna shimini kama yeye.

Kuna kanuni ya pili, na hii ilipita bila mabishano. Hadithi nyingine ni za nyumbani: baba aliyeuza redio, mama mkubwa anayeficha sukari. Mtoto haoni kwamba ametoa siri. Anaona ametoa hadithi. Hadithi ya namna hiyo haichezwi mpaka mama au mlezi ameisikia na kukubali, na haichezwi katika komine ya mtoto. Ile ya redio tuliipeleka Ruashi, baba akawa jogoo, redio ikawa yai. Tumerudisha mbili bila kuzicheza kabisa. Hizo hazihitaji jukwaa, zinahitaji mtu mzima wa kukaa na mtoto, na mwalimu wake amearifiwa kimya kimya.

Mvua ilituharibia mara tatu. Mara ya kwanza, Katuba, chini ya paa la mabati, kijana wa sauti alikuwa anatikisa bati letu la radi kwa nguvu zake zote, na radi ya kweli ikapiga juu ya paa. Watoto waliishangilia radi yetu. Dakika mbili baadaye hakuna neno lililosikika, tukamaliza kwa mikono na macho. Nashauri michezo ya nje ianze Mei, baridi na vumbi viwe juu yetu, kuliko kushindana na paa. Ila Juni watoto wa darasa la sita wasihesabiwe, wana mtihani wao wa taifa.

Juu ya pesa, karatasi ya mweka hazina mmeipokea mlangoni, nami naongeza machache. Kiingilio cha franga 500 kwa mtoto hakijapanda na naomba kisipande. Januari wengine walilipa kwa embe; mweka hazina aliziandika kwenye daftari kama embe, na wakaguzi wasishangae. Matumizi makubwa ni nauli. Taksibasi za mji wetu zinaihesabu ngoma kuwa abiria, na ngoma kubwa kuwa abiria wawili, hata ikipakatwa. Wanachama wenye baiskeli waje kuniona baada ya mkutano. Michango ya kila mwezi: nusu yenu mna deni, na kipa wa kudaka hatuna.

Kila mtoto tuliyemcheza amepata daftari jipya, biki mbili, na kiti cha mstari wa kwanza. Msichana wa mlima aliomba biki nyeusi. Ameshatupa hadithi nyingine, juu ya treni, na anasema mwisho wake bado hajaupata, tusimharakishe.

Uchaguzi wa kamati ni leo mchana, baada ya chakula. Katibu hagombei tena kwa sababu anahamia Likasi kikazi. Tutakosa mwandiko wake, ambao ndio pekee sote tuliweza kuusoma. Mimi nagombea kama mkinitaka, na kama hamnitaki, gunia nitaliacha kwa atakayefuata, lioshwe kwanza.

La mwisho. Bati la radi halipo stoo. Lilionekana mwezi wa tano, juu ya banda la kuku la mwanachama aliye humu ndani. Mazoezi yanaanza Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa nane mchana. Naomba kuku watafutiwe bati lingine kabla ya siku hiyo.

Mwenyekiti