Usiukate huo mstari

Mwanangu,

Marahaba. Picha uliyonitumia nimeikuza kwenye kompyuta mpaka ikawa madoa matupu, nikairudisha ilivyokuwa, nikaitazama tena. Unasema umeiondoa jeni ya kinasi yako, kile kimeng'enya cha kubandika fosfati kwenye protini, na bado kingamwili inayopaswa kuishika kinasi hiyo peke yake inakuonyesha mstari pale pale kwenye utando uliopokea protini kutoka kwenye jeli, mwembamba lakini upo. Mwenzako wa maabara amekushauri upunguze muda wa kupiga picha ili ufifie usionekane. Umeniuliza kama kuna watu wanaofanya hivyo. Wapo. Mama yako amewahi kuwa mmoja wao.

Habari hii sijawahi kukusimulia. Unakumbuka ile miaka uliyokuwa ukisinzia kwenye kiti cha ofisini kwangu, daftari la hesabu limekuangukia kifuani, nami nakuambia "dakika kumi tu, mwanangu"? Nilikuwa nimekamata kitu, au nilidhani nimekamata. Kinasi moja niliyoifuatilia tangu shahada ya uzamivu ilionekana kuamka kila tulipozinyima seli chakula, na kingamwili tuliyonunua ilikuwa ikitutolea mstari mzuri ajabu, mweusi, ulionyooka. Wakati ule hatukuweza kufuta jeni kwa urahisi kama nyinyi. Tulikuwa tunatumia vipande vifupi vya RNA kuipunguza nguvu, na mstari nao ulikuwa ukipungua, lakini kamwe hauishi. Tukasema kilichobaki ni masalio. Neno zuri sana hilo, masalio, linafunika mengi. Nilipoandaa picha za makala, nilichagua ile iliyopigwa kwa muda mfupi, ambayo masalio hayakuonekana. Sikudanganya, nilijiambia. Nilichagua tu picha safi.

Miaka mitatu baada ya makala kutoka, mwanafunzi wangu mmoja aliifuta jeni ile yote, akaniletea utando ukiwa bado umelowa. Mstari ulikuwa pale, mweusi vile vile. Kingamwili yetu ilikuwa inamshika ndugu wa kinasi yetu, mwenye uzito unaokaribiana kabisa na wake, na vile vipande vyetu vya RNA vilikuwa vinampunguza huyo ndugu pia. Makala tuliiondoa wenyewe. Barua kwa mhariri ilikuwa na sentensi nne, na ilinichukua siku nne kuiandika.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini kosa hili ni jepesi kiasi hiki katika fani yetu. Nitakueleza kama vile hujui, kwa sababu nikishindwa kulisema jambo kwa maneno ya kawaida huwa najua sijalielewa. Kinasi inachukua fosfati kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika juu ya protini nyingine, kwenye asidi amino zake za serini, threonini au tirosini. Kazi yote ni hiyo. Lakini fosfati ina chaji hasi mbili, na ikishabandikwa protini hujikunja upya: iliyolala huamka, iliyoamka hulala, nyingine hupata mahali pa kushikana na jirani yake. Fosfatasi huja nyuma na kuibandua. Homoni ikigusa kipokezi kwenye ngozi ya seli, habari hupokezwa ndani, kinasi hadi kinasi, mpaka kwenye kiini. Zilipohesabiwa mwaka 2002 kutokana na jenomu ya binadamu, zilipatikana kinasi 518, karibu jeni 2 katika kila 100. Na nyingi sana ni za ukoo mmoja. Mfuko wa kushikia ATP unafanana toka moja hadi nyingine kama pua za watoto wa baba mmoja. (Kuna kama 50 ambazo zimepoteza viungo muhimu vya kazi na bado zinafanya shughuli nyingine ndani ya seli. Hizo ndizo ninazozipenda, lakini tuyaache.)

Kufanana huku si balaa siku zote. Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ilijulikana kwanza kwa kuziba mfuko wa ATP wa kinasi moja, ile inayozaliwa kromosomu ya 9 na ya 22 zinapobadilishana vipande na kuleta aina moja ya saratani ya damu. Ikaonekana inaziba pia KIT, kinasi nyingine kabisa, na mwaka uliofuata ikaanza kutumika kwa uvimbe wa saratani wa tumbo na utumbo unaoendeshwa na hiyo KIT. Dawa ilikosea mlango na wagonjwa wakapata nafuu. Kingamwili yangu ilikosea mlango na mimi nikapata aibu. Tofauti ni kwamba wale waliokuwa na dawa walitaka kujua inashika nini kingine, wakapima. Mimi sikutaka kujua.

Nakuomba ufikirie mahali fani hii ilikotoka. Mwaka 1955, Edmond Fischer na Edwin Krebs huko Seattle walitaka kupata fosforilasi ya misuli, kimeng'enya kinachovunja glikojeni, akiba ya sukari ya misuli. Njia iliyokuwapo ilitaka supu ya misuli ichujwe kwa karatasi. Wao walipoizungusha kwenye mashine ya kutenganishia badala ya kuichuja, wakapata kimeng'enya kilicholala. Wangeweza kurudi kwenye karatasi na kuendelea na kazi yao. Badala yake wakauliza karatasi ina nini. Ilikuwa na kalsiamu, na kalsiamu ile ndiyo iliyokuwa inaiamsha kinasi ndani ya supu, nayo inaibandika fosforilasi fosfati. Hapo ndipo kubandika na kubandua fosfati kulipojulikana kuwa swichi. Nobeli waliipata mwaka 1992, kwa hiyo usimsikilize anayekuambia sayansi huwalipa wenye haraka.

Na kisa cha Tony Hunter unakijua, lakini nitakirudia kwa sababu nakipenda. Mwaka 1979, katika taasisi ya Salk huko California, alikuwa akichunguza protini za virusi vinavyoleta saratani. Alivunjavunja protini kwa asidi na kuzitenga asidi amino zake kwa umeme. Kimiminiko cha kuendeshea umeme kilitakiwa kiwe na pH, yaani kipimo cha uasidi, ya 1.9. Hakutengeneza kipya, akatumia cha zamani, ambacho pH yake ilikuwa imeshuka hadi 1.7. Kwenye 1.9, tirosini yenye fosfati husafiri pamoja na threonini yenye fosfati, huwezi kuzitofautisha. Kwenye 1.7 zikaachana, na doa likatokea mahali ambapo hapakutarajiwa doa. Watu hukisimulia kisa hiki kama sifa ya uvivu. Mimi huwa nakasirika. Maabara ngapi duniani zimewahi kutumia kimiminiko kilichochakaa? Madoa yasiyo na jina yalikuwa yanafutwa kila siku. Huyu aliliuliza lake jina. Katika seli za kawaida, fosfati iliyo kwenye tirosini ni kama sehemu 3 tu katika kila 10,000 za fosfati zote zilizobandikwa kwenye protini. Hicho ndicho kingeitwa masalio.

Sikuahidi kwamba mstari wako ni ugunduzi. Uwezekano mkubwa ni kitu cha kuchosha tu. Anza na hilo la kuchosha: seli ulizochukua ni za koloni moja kweli, yaani zote zimetokana na seli moja, au ni mchanganyiko wenye wachache waliobaki na jeni? Na unajua zina nakala ngapi za kromosomu ile? Seli nyingi za maabara zina tatu au zaidi, na ukifuta mbili ukashangilia, ya tatu inaendelea na kazi kimyakimya. Soma mfuatano wa DNA mwenyewe, usiniambie "umehakiki". Kisha tafuta kingamwili ya pili inayoshika ncha nyingine ya protini. Kama yako inadai kutambua fosfati, gawa sampuli mara mbili, nusu uitie fosfatasi. Mstari ukibaki, basi haioni fosfati hata kidogo. Endesha jeli muda mrefu zaidi, maana ndugu wawili wenye uzito unaokaribiana huachana wakipewa nafasi. Na vunja seli juu ya barafu, haraka, dawa za kuzuia fosfatasi zikiwa zimetiwa asubuhi ile ile. Najua unazitia jana yake.

Msimamizi wako mwonyeshe picha zote mbili, ya muda mfupi na ya muda mrefu, siku moja, kwenye karatasi moja. Akikunja uso, mwache akunje.

Yule mwanafunzi wangu, siku ile, alisimama mlangoni kama dakika mbili kabla ya kuingia, nilimwona kwenye kioo. Alikuwa ananiogopa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko makala, kwamba nilikuwa mtu wa kuogopwa kuletewa mstari. Basi niletee wako. Jeli ya kwanza ukishaiendesha nitumie utando wote, na kingo zake, bila kukata, hata ukitoka mweusi tupu.

Mama yako